Elliot wa Clifton Park na Jembe la Mizizi

Askari yeyote aliyepata kuchimba handaki anajua kwamba ardhi ina matabaka. Juu kuna udongo laini usiomchosha mtu. Chini yake, mara nyingi, jembe hugota kwenye tabaka gumu mithili ya saruji. Mizizi mifupi ya majani haipenyi hapo, na maji hupita kwa taabu. Mvua ikinyesha, maji hutuama juu au hutiririka yakaenda zake. Jua likiwaka, malisho hunyauka mapema na ng'ombe hukonda. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu aliyelikabili tatizo hilo kwa kuiachia mimea yenyewe kazi ya kuchimba. Huyo ni Robert Henry Elliot, mkulima wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1837 na kufariki mwaka 1914.

Elliot angali kijana alivuka bahari akaenda Mysore, kusini ya Bara Hindi, akawa mlowezi mwenye mashamba ya kahawa. Alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni, na hatuna haja ya kulificha jambo hilo. Lakini elimu yenye manufaa huchukuliwa popote ilipo. Huko alijifunza kuitazama ardhi ya kilimani kwa makini. Aliona jinsi miti ya kivuli inavyoukinga udongo usichomwe na jua wala kuchukuliwa na mvua kubwa, na katika vitabu alivyoandika juu ya kahawa alisisitiza sana umuhimu wa kivuli hicho.

Alikuwa pia na ardhi kwao Uskoti, katika milki ya Clifton Park karibu na mji wa Kelso, kwenye vilima vya Cheviot. Siku hizo wakulima wa Uingereza walikuwa katika dhiki kubwa. Tangu miaka ya 1870, reli na meli za moshi zilileta nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani, na bei ya mazao yao ikaporomoka. Wengi walijaribu kujiokoa kwa kununua mbolea za viwandani na vyakula vya mifugo, wakajikuta gharama zinapanda na huku mapato yanashuka. Elliot alilitambua kosa lililokuwamo. Mkulima anayenunua rutuba kila mwaka hawezi kujitawala, kwa kuwa uhai wa shamba lake umo mikononi mwa wauzaji.

Dawa aliyoipata ilikuwa malisho ya mchanganyiko. Badala ya kupanda aina mbili tatu za majani, alipanda majani marefu pamoja na klova, mmea wa jamii ya kunde, na magugu yenye faida ambayo wengi waliyadharau: chikori, baneti na yaro. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake. Chikori huteremsha mzizi mnene ulionyooka, ukalitoboa lile tabaka gumu. Mzizi huo ukioza huacha njia ya kupitia hewa, maji na mizizi ya mimea mingine. Mimea hiyo ya mizizi mirefu hufuata unyevu na madini ya chini, kwa hiyo hubaki kijani wakati majani mengine yamekwisha kukauka, na mifugo huila.

Kazi ya klova ilielezwa na wataalamu katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1886, Mjerumani Hermann Hellriegel alitangaza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi katika vinundu vya mizizi yake. Naam, mmea huo hujitengenezea mbolea, na sehemu ya mbolea hiyo hurudi ardhini kwa njia ya mizizi inayooza na samadi ya mifugo.

Elliot aliyaacha malisho hayo yaliwe na kondoo na ng'ombe kwa muda wa miaka minne hivi, kisha akayalima na kuyafukia. Nyasi na mizizi iliyooza ndiyo iliyokuwa mbolea ya nafaka na ya mimea ya kulishia mifugo iliyofuata. Baada ya mavuno hayo malisho yalipandwa upya. Hivyo mifugo na mazao vikasaidiana, na udongo ukaongezeka nguvu.

Mwaka 1898 aliyaandika mafunzo yake katika kitabu, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la The Clifton Park System of Farming. Mwaka 1943, wakati nyambizi za Ujerumani zikizamisha meli za chakula zilizokuwa zikienda Uingereza, kitabu hicho kilichapishwa tena, kikiwa na utangulizi wa Sir George Stapledon, bingwa mkuu wa malisho. Vita vilikuwa vimewakumbusha watu kwamba taifa lisilojilisha halina ngome.

Ndugu zetu askari na polisi, wengi wenu mna ng'ombe nyumbani, na siku ya kuvua sare mtarudi kwao. Si lazima mpande chikori ya Uskoti. Sisi tunayo mimea yetu ya jamii ya kunde, kama vile desmodiamu na ngwara, inayoota vizuri pamoja na majani marefu. Lakini hadharini: ng'ombe mwenye njaa akifunguliwa ghafula katika klova au lusini tupu aweza kufura tumbo na kufa, ndiyo maana mchanganyiko ni bora. Tena, malisho yaliyoliwa yapewe muda wa kupumzika, kwani mmea unaoliwa kila siku huidhoofisha mizizi yake. Elliot alirithi ardhi, akaitia nguvu kabla ya kuiacha kwa waliomfuata. Nasi twapaswa kuwakabidhi watoto wetu malisho yaliyo bora kuliko tuliyoyapokea.