Abu Bakr Ar-Razi na Dalili za Khatari kwa Mtoto Mgonjwa

Katika mji wa Rayy, karibu na ulipo leo mji wa Tehran, alizaliwa mnamo mwaka 251 wa Hijra, yaani 865 Miladia, Muhammad bin Zakariya, maarufu kwa jina la Abu Bakr Ar-Razi. Aliongoza hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad. Maulamaa wamezikataa baadhi ya rai zake katika itikadi, wala sisi hatumfuati katika hayo. Lakini katika utabibu, Waislamu na Wazungu walisoma kwake karne nyingi.

Lililompambanua na wenziwe ni kuwa hakutosheka na vitabu vya Wayunani. Alimheshimu Jalinus, na juu ya hivyo aliandika kitabu cha kuyatilia shaka maneno yake. Alikaa na wagonjwa, akaandika maradhi yalivyoanza, yalivyogeuka, nani aliyepona na nani aliyekufa. Maandishi hayo wanafunzi wake waliyakusanya baada ya kufa kwake katika kitabu kikubwa cha Al-Hawi.

Akatunga pia kitabu cha ndui na surua, akabainisha tafauti ya maradhi hayo mawili. Zama zile ni watoto wachache waliosalimika na ndui. Basi aliweka mlango mzima wa kueleza yupi wa kutarajiwa kupona na yupi wa kukhofiwa. Vipele vikiwa vyeupe, vikubwa, vimeachana, na homa ikashuka baada ya kutoka kwake, hiyo ni kheri. Vikiwa vimeshikana, au rangi yake ni kijani au nyeusi, na homa ikazidi, hiyo ni khatari.

Pengine msomaji atauliza: je, huku si kudai kuijua ghaibu? Hasha. Nahodha aonaye wingu jeusi hushusha tanga, wala hapana amwambiaye kuwa amejitia katika elimu ya Mungu. Ajali i mkononi mwa Mola. Dalili tumewekewa tupate kufanya haraka.

Ar-Razi alipofuka macho mwisho wa umri wake, akafa katika mji wake wa Rayy mwaka 313 wa Hijra, yaani 925. Ndui nayo imekwisha: mtu wa mwisho kuambukizwa katika hali ya kawaida alikuwa katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 ulimwengu ukatangaziwa kuwa imeondoka. Lakini adui mwingine yupo, nayo ni homa ya vijidudu kuingia katika damu.

Hapa pwani kwetu, katika hospitali ya Kilifi, watoto 19,339 waliolazwa baina ya mwaka 1998 na 2002 walichunguzwa. Walioonekana kuwa na vijidudu katika damu walipokuja walikuwa 1,094, na katika hao 308 walifariki. Watoto 103 walikufa siku ile ile ya kulazwa, na 217 kwa jumla katika siku mbili za mwanzo. Kwa hivyo muda wa kuwaokoa ni mfupi mno.

Nasi tunautumiaje muda huo? Mtoto akikakamaa kwa homa, huambiwa kashikwa na dege. Huitwa mganga, hufungwa hirizi, hunyweshwa kombe, na usiku hupita. Dua ya mzazi haimzuii kumbeba mwanawe, bali Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta dawa.

Ar-Razi aliandika pia kitabu kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu karibu, kwani hakuiona elimu hii kuwa ni siri ya matabibu. Basi kila mzazi wa Diani, Msambweni na Vanga na azijue dalili hizi: mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, aliyepatwa na kifafa cha homa, aliyelegea au asiyeamka, apumuaye kwa haraka na kwa taabu, na mwenye mikono na miguu ya baridi ilhali mwili una homa. Akionekana na moja tu ya hizo, asingojewe kukuche. Apelekwe hospitali saa ile ile, na dua isomwe njiani.

Wabillahi tawfiq.