James White: Kazi, Zoezi na Pumziko

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Kutoka 20:8–11, 1 Wafalme 19:1–8, Zaburi 127:1, 2, Marko 6:30–32.

James White alizaliwa tarehe 4 Agosti 1821 huko Palmyra, katika jimbo la Maine, Marekani. Utotoni alikuwa dhaifu, na macho yake yalikuwa mabovu kiasi cha kushindwa kusoma. Wenzake walipokwenda shule, yeye alibaki nyumbani akifanya kazi za shamba. Alipofika umri wa miaka 19 macho yake yalikuwa yamepata nafuu, akajiunga na shule huko St. Albans. Alitaka kufidia miaka yote iliyopotea kwa muhula mmoja. Kwa majuma 12 alisoma hadi saa 18 kwa siku, na muhula ulipokwisha akapata cheti cha ualimu. Baadaye alisoma majuma mengine 17. Basi elimu yote ya darasani aliyoipata maishani ilikuwa majuma 29.

Bidii hiyo ilimletea matunda ya haraka, naye akazoea kuamini kwamba usingizi unaweza kukopwa na mwili hautadai. Aliposikia ujumbe wa kurudi kwa Yesu, alianza kuhubiri kwa nguvu zilezile. Katika majira ya baridi ya mwaka 1843, akiwa kijana wa miaka 21, alisafiri kwa farasi katika Maine akihubiri mahali pengi, na zaidi ya watu 1,000 wakamgeukia Bwana.

Tarehe 30 Agosti 1846 alimwoa Ellen Harmon. Hawakuwa na mali. James alibeba mawe kwenye ujenzi wa reli mpaka mikono yake ikatoka damu, kisha akakata kuni msituni kwa ujira mdogo. Mwaka 1848 yeye na wenzake walikubali kufyeka ekari 100 za nyasi kwa miundu mirefu, kwa malipo ya senti 87 na nusu kwa ekari, ili apate nauli ya kwenda kwenye mikutano ya waumini. Mwaka 1849 alipoanza kuchapisha gazeti la Present Truth, alitembea kwa miguu maili nane, yaani kama kilomita 13, kutoka Rocky Hill hadi kwa mchapaji huko Middletown.

Mwili wake ulikuwa umezoea kazi ngumu. Ugumu wa kazi peke yake haukumwangusha. Lakini kadiri kanisa lilivyokua, kazi ya mikono ilipungua na ile ya meza na mashaka ikaongezeka. Alikuwa mhariri, mchapaji, mhubiri, mtunza hesabu na mpatanishi wa magomvi. Kanisa lilipoundwa rasmi mwaka 1863 alikataa kuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu, lakini mwaka 1865 alikubali mzigo huo pia. Katika kiangazi cha mwaka huo alisafiri na mkewe hadi Iowa kutuliza mafarakano kanisani, akarudi Battle Creek amechoka.

Asubuhi ya tarehe 16 Agosti 1865, akiwa anatembea na Ellen, alipigwa na kiharusi. Mkono wake wa kuume ulikosa nguvu na ulimi ukawa mzito. Alikuwa na umri wa miaka 44.

Mwezi uliofuata alipelekwa Dansville, katika jimbo la New York, kwenye nyumba ya matibabu ya Dkt. James C. Jackson. Huko wagonjwa walitibiwa kwa maji, chakula cha kawaida na utulivu. Mengi yalikuwa mema, na mwili uliotumika kupita kiasi ulihitaji kweli kupumzika. Lakini miezi ilipita, na pumziko lenyewe likageuka kuwa kifungo. James aliambiwa ajiepushe na kazi, hata na mawazo mazito ya dini. Akaanza kuogopa kujitikisa, akiamini kwamba kila nguvu atakayotumia itamharakisha kaburini. Mtu ambaye hakuwahi kupumzika vya kutosha sasa alikuwa hataki kuinuka. Baada ya kama miezi mitatu Ellen aliona kwamba mumewe anazidi kudhoofika rohoni, akamwondoa Dansville. Alikuwa amesadiki kwamba mwili na akili vinahitaji kutumika kwa kiasi ili vipone.

Marafiki wengi hawakuafiki. Walimwonea Ellen huruma, wakadhani anamchosha mgonjwa asiye na tumaini. Yeye aliendelea. Mnamo Desemba 1866, katikati ya dhoruba ya theluji, alimfunika mumewe vizuri wakaondoka Battle Creek kwa gari la theluji kwenda Wright, katika jimbo la Michigan. Huko James alizoezwa kutembea kila siku. Asubuhi moja theluji ilikuwa nzito, naye akakataa kutoka. Ellen aliazima buti za mwenyeji wao, akatembea karibu mita 400 katika theluji na kurudi, kisha akamwomba mumewe akanyage nyayo zake. James alipoziona nyayo zile, alitoka akatembea kama kawaida.

Mwaka 1867 walipata shamba huko Greenville, katika jimbo hilohilo. Ellen alinunua majembe matatu na reki tatu: vya kwake, vya mumewe, na vya mwana wao Willie. James alilalamika, lakini alipomwona mkewe akilima mpaka mikono ikatoka malengelenge, alishika jembe. Wakati wa kuvuna nyasi ulipofika, James alitegemea kuwaita majirani. Ellen aliwatangulia, akawaomba waseme kwamba wana shughuli zao. James alihuzunika sana. Mkewe akapendekeza kwamba yeye na Willie wataikusanya, naye James aipakie garini na kuongoza farasi. Majirani waliopita walishangaa kumwona Ellen, mwandishi na mhubiri, amesimama juu ya lundo akikanyaga nyasi. Pole kwa pole nguvu za James zilirudi. Alianza kuhubiri tena, na mwaka 1869 akarudishwa kwenye uenyekiti wa Konferensi Kuu.

Hapa ndipo fundisho la maisha yake linapokuwa gumu. Kwa sababu alipona, alirudia mwendo wake wa zamani. Kiharusi kilimrudia, na zaidi ya mara moja ilibidi aache kila kitu. Katika kiangazi cha 1872 alikwenda kwenye milima ya Colorado kupumzika, na hewa na matembezi vilimsaidia. Lakini kila alipopata nafuu alijitwisha mizigo mipya. Mwaka 1874 alianzisha gazeti la Signs of the Times huko Oakland, California, na mwaka huohuo akawa tena mwenyekiti wa Konferensi Kuu hadi 1880. Kazi aliyoifanya ilikuwa njema na matunda yake yapo hadi leo. Hata hivyo mwili wake ulilipa deni lote la usingizi uliokopwa tangu ujana. Mwanzoni mwa Agosti 1881 alishikwa na homa, akapelekwa hospitali ya kanisa huko Battle Creek, na akalala mauti alasiri ya Sabato, tarehe 6 Agosti 1881. Alikuwa ametimiza miaka 60 siku mbili tu kabla.

Leo waumini wengi wanaanza mazoezi kwa sababu daktari amewaonya juu ya sukari, presha au uzito. Wanataka kuona mabadiliko ndani ya majuma machache. Hukimbia kila siku, huinua vyuma kila jioni, hulala saa tano, na wasipoona matokeo huongeza bidii. Lakini misuli haijengwi wakati wa zoezi lenyewe. Zoezi huichosha na kuichanachana kidogo kidogo, kisha mwili huikarabati na kuiimarisha wakati wa kupumzika, hasa usingizini. Anayekata pumziko anakata pale hasa nguvu zinapotengenezwa. Dalili zake ni uchovu usiokwisha, maumivu ya viungo, hasira za karibu na usingizi unaokatika. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi, na anayeanza mazoezi anahitaji kuongeza kipimo taratibu, akiacha siku za kupumzika katikati.

Amri ya nne inaagiza siku sita za kazi na siku moja ya pumziko, na mambo yote mawili yamo katika amri ileile. Eliya alipochoka hata kutamani kufa, Mungu alimlaza na kumlisha mara mbili kabla ya kumtuma safari ya siku 40. Yesu naye aliwaita wanafunzi wake faraghani wapumzike, ingawa umati ulikuwa bado unawatafuta. Aliyeumba mwili ndiye aliyeuwekea kipimo hicho, na kukubali kupumzika ni kukiri kwamba nguvu zinatoka kwake.

Maswali ya kujadili:

1. James White alidhuriwa na kazi bila pumziko, kisha na pumziko bila kazi. Ni lipi kati ya hayo mawili linalokukabili zaidi sasa, na kwa nini?

2. Kwa nini ni vigumu kupumzika wakati kazi tunayoifanya ni ya Bwana? Zaburi 127:1, 2 inajibuje?

3. Ellen White hakumtuma mumewe shambani peke yake. Alishika jembe pamoja naye. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje kwa vitendo mshiriki anayetaka kurudisha afya yake taratibu?