Wosia wa Mama: Maisha ya Mwana Kupona na Nyumba Yenye Utaratibu

Masomo ya wiki: Mithali 31:1-31, Matendo ya Mitume 9:36-42, 2 Timotheo 1:5

Jumapili tulisoma Mithali 31, ile sura ambayo akina mama wengi wanaijua na akina baba wengi wanaipenda. Lakini kuna jambo ambalo husahaulika pale mwanzoni. Maneno yale ni mafundisho ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Kumbe kabla ya kuwa mahubiri ya kanisani, yalikuwa wosia wa mama kwa mtoto nyumbani.

Wiki hii tunamtazama mama mwingine aliyeacha wosia. Huyu si wa mbali, ni wa pwani yetu hii hii. Wengi wenu mlimsoma shuleni, mkafanya naye mtihani, mkamwacha huko. Anaitwa Mwana Kupona binti Msham. Hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu mcha Mungu wa Lamu, na majirani zetu wa Kibokoni na Ndia Kuu wanamheshimu hadi leo. Sisi hatumchukui kuwa mwalimu wa imani yetu. Lakini Bwana Yesu mwenyewe alitumia Msamaria kutufundisha ujirani, basi tusione haya kujifunza umama kwa jirani.

Alizaliwa kisiwa cha Pate, kaskazini mwa Lamu, karibu mwaka wa 1810. Siku zile Pate haikuwa kijiji cha kusahaulika. Ilikuwa nchi ya majumba ya mawe, mashairi na biashara ya majahazi, japo nguvu zake zilikuwa zimeanza kupungua. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio kisiwani humo humo. Siyu ilisifika kwa mafundi wake: washona viatu vya ngozi, wafua panga, wachonga milango. Ilisifika pia kwa ukaidi. Seyyid Said, Sultani wa Unguja, alitaka pwani yote iwe chini ya bendera yake. Mombasa ilikuwa imeshaanguka mikononi mwake mwaka wa 1837. Siyu ilikataa. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalikwenda kuipiga, na yakarudishwa.

Sasa fikiria, mpendwa, mwanamke anaendesha nyumba katika hali hiyo. Mume ni mtu wa vita na siasa. Leo kuna wageni, kesho kuna mashua za adui. Hata hivyo, alipokuja kuisimulia ndoa yake, Mwana Kupona hakuzungumza habari za vita. Alisimulia kwamba waliishi kwa furaha na kicheko, na kwamba mumewe alipofariki, alimwachia radhi. Nje kulikuwa na mapigano, ndani mlikuwa na amani. Amani ile haikuanguka tu kutoka mbinguni kama mvua. Kulikuwa na mtu aliyeishughulikia kila siku.

Vita havikuishia kwa Bwana Mataka. Baada yake, wakati wa Sultani Majid, Siyu ilishindwa, na mwanawe Bwana Mataka aitwaye Muhammad akaletwa hapa Mombasa akiwa mfungwa. Alifungwa ndani ya Ngome ya Yesu, pale pale watoto wetu wanapopelekwa ziara ya shule, na akafia humo. Ukipita kandokando ya ngome ile jioni, ukanunua viazi karai na ukwaju, kumbuka kwamba kuta zile zilishuhudia machozi ya familia hii.

Mwana Kupona alibaki mjane. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Kisha ugonjwa ukamshika. Anasema mwenyewe katika utendi wake kwamba maradhi yalikuwa yametimiza mwaka mzima, na mwaka huo wote hakupata nafasi ya kumwambia bintiye neno zuri. Hapo ndipo moyo wangu unaposimama. Mama anaona siku zake zinahesabika. Mtoto yupo mbele yake, bado hajajua mengi ya dunia. Na kuna maneno ambayo hajayasema.

Alifanya nini? Alimwita binti yake akae karibu, na wino na karatasi. Mwaka ulikuwa 1858. Akatunga utendi wa beti mia moja na kidogo kwa Kiswahili cha Kiamu, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu kama ilivyokuwa desturi. Aliufananisha na kidani, pambo la shingoni ambalo mama humvisha mwanawe.

Kwanza alimtaka bintiye ashike dini. Pili, awe na adabu na ulimi mzuri, ili apendeke popote aingiapo. Awe mkweli. Asiwadharau watu. Kisha akaingia katika mambo ya nyumba na ndoa, na hapa hakuona aibu kutaja vitu vidogo. Alitaja kufagia, na kusafisha hata chooni. Alitaja kuoga, kusuka nywele, kutunga asmini na kuzitia kitandani. Alitaja kumwacha mume alale bila kelele. Mwishoni akageuka kuomba: akawaombea wanawe, ndugu zake, na watu wa dini yake wote, akaomba pia Mungu amwondolee maradhi.

Kwa macho yetu maradhi hayakuondoka. Alifariki karibu mwaka wa 1860. Lakini Mwana Hashima aliishi miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa lugha kutoka Uingereza, Alice Werner, alifika Lamu akamkuta binti huyo yu hai, sasa ni bibi mzee. Mwaka wa 1934 Werner na mwenzake William Hichens waliuchapisha utendi ule kuwa kitabu. Karatasi ya mama mgonjwa imevuka bahari, na leo inasomwa na wanafunzi Kenya nzima.

Tuseme ukweli pia. Si kila kitu katika wosia ule tutakibeba kama kilivyo. Mwana Kupona alikuwa bibi wa jamaa ya watawala, wakati ambapo nyumba kubwa za pwani ziliendeshwa na mikono ya watumwa. Na alifundisha kwamba radhi za mume ndizo zitakazompitisha mke siku ya mwisho. Sisi tunaamini kwamba mke na mume wote wanaingia kwa damu ya Yesu peke yake, na Waefeso 5:21 inatuambia tunyenyekeane sisi kwa sisi kabla haijafika kwa mke na mume. Kwa hivyo baba anayekata kipande cha kufagia na kumsomea mkewe, huku yeye amelala kwenye kochi, hajaelewa somo la leo.

Mama wa kanisa hili anaamka saa kumi usiku kukaanga mahamri. Mwingine anawahi feri ya Likoni. Baba yuko zamu bandarini. Maji yanakuja kwa mkokoteni, na nyumba ni chumba kimoja Majengo au viwili Mji wa Kale, na watoto wanne ndani. Asubuhi ni vita kamili: soksi moja haionekani, daftari liko chini ya kitanda, leso ya mama imefunika mtungi, kila mtu anapiga kelele. Halafu tunashangaa kwa nini ibada ya nyumbani imekufa. Ibada haikufa kwa sababu ya shetani peke yake. Mara nyingine imekufa kwa sababu ya soksi.

Kwa hivyo tuchukue kwa Mwana Kupona mambo mawili: kwamba vitu vidogo vya nyumbani vinastahili kufundishwa, na kwamba neno jema lisingoje mwaka upite.

Tuanze na vitu vidogo. Mkiingia katika nyumba za zamani za mawe Lamu, mtaona ukutani zile zidaka, vishubaka vilivyojengwa kwa chokaa, safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo na mapambo. Watu wale walikuwa na hekima: ukuta ufanye kazi, sakafu ibaki wazi. Nyumba ya kupanga huwezi kuitoboa, mwenye nyumba atakufukuza. Lakini zidaka unaweza kuzishona.

Chukua jozi moja ya leso zilizochakaa kidogo. Kipande cha kwanza kikunje katikati kiwe maradufu, ukishone pembeni pote. Hapo una kitambaa kigumu cha kutundika. Sehemu ya juu, kunja upindo mpana wa kupitisha fimbo, hata mti wa ufagio uliovunjika unafaa. Kipande cha pili, kata vipande vitatu virefu, kila kimoja urefu wake upite kidogo upana wa kile kitambaa, na kimo chake shibiri moja na vidole viwili. Kila kipande kwanza pindo la juu, hilo ndilo mdomo wa mfuko, kisha kunja kingo zilizobaki na kishone juu ya kitambaa kwa chini na kwa pembeni. Halafu pitisha mishono mitatu ya wima kwenye kila kipande. Umepata mifuko minne kila safu, jumla 12. Tundika nyuma ya mlango kwa kamba na misumari miwili. Safu moja soksi na nguo za ndani za watoto, safu moja vitana, dawa ya meno na rangi ya viatu, safu moja karatasi za shule, risiti na kadi za kliniki. Dawa za kumeza usiziweke humo, mtoto atazifikia.

Huna cherehani? Shona kwa mkono. Kila hatua ya sindano irudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, mshono hautafumuka. Ama mpelekee fundi wa barazani, kazi yenyewe ni mishono ya kunyooka tu.

Cha pili, kila mtoto ashonewe mkoba mmoja kwa mabaki ya leso. Jumamosi jioni atie humo nguo zake za Jumapili, Biblia na sadaka yake, aning'inize. Anayeweza kusema jina lake anaweza kuning'iniza mkoba wake. Mvulana pia!

Cha tatu, tafuta lile bati la biskuti. Weka sindano, uzi mweusi, uzi mweupe, vifungo na mkasi, na likae juu asikofika mtoto mdogo. Kila Ijumaa usiku, nusu saa, familia ikae pamoja: mmoja ashone kifungo, mmoja apinde suruali, mmoja asome Neno. Dorkasi wa Yafa hakuwa mhubiri. Alishona nguo, na alipokufa wajane walimwonyesha Petro kazi ya mikono yake huku wakilia. Mungu akamfufua.

Na hapo ndipo pa kusema lile neno. Mama, huenda wewe ni mzima leo. Baba, huenda una nguvu bado. Mwana Kupona naye alikuwa na miaka mingi ya uzima kabla ya ule mwaka mmoja wa kitandani. Watoto wetu wanatusikia kila siku tukisema amka, nawa, harakisha, umeharibu. Ni lini walisikia tukisema tunachoamini, tulivyookoka, tunachowaombea? Timotheo aliipata imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na kwa mama yake Eunike. Haikuja kwa posta, ilikaa nyumbani.

Kazi ya wiki: mkimaliza kushona Ijumaa, kila mzazi aandike barua moja kwa kila mtoto. Ukurasa mmoja tu. Usiandike makosa yake. Andika imani yako, tabia moja unayomtakia, na sala yako juu yake. Asiyejua kuandika amwambie mtoto mkubwa aandike, hakuna aibu, Paulo naye aliandikiwa na Tertio. Mkunje, mumtilie katika mfuko wake, na Jumapili asubuhi atakapochukua soksi zake ataikuta.

Tuombe: Baba, tunakushukuru kwa mama zetu, walio hai na waliolala. Tupe mikono ya kupanga na midomo ya kubariki. Nyumba zetu ni ndogo, wewe unaenea humo. Tusaidie kusema mapema maneno mema. Katika jina la Yesu, Amina.