G. K. Chesterton na Padre Mpelelezi

Gilbert Keith Chesterton alizaliwa London, Uingereza, tarehe 29 Mei 1874, akawa mwandishi mashuhuri wa magazeti na vitabu. Kabla hajawa Mkatoliki alifanya urafiki na Padre John O'Connor, akastaajabu jinsi padre huyo alivyoufahamu uovu wa wanadamu kwa undani. Kutokana na mshangao huo alimbuni Padre Brown, mpelelezi ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911.

Hadithi nyingi za upelelezi, za kale na za leo, huishia mhalifu anapotiwa pingu. Padre Brown, aliyeujua moyo wa mtu kutokana na kiti cha maungamo, hutafuta roho iliyopotea. Ndiyo maana mwizi sugu Flambeau hatimaye anatubu na kuwa rafiki yake.

Mwaka 1922 Chesterton mwenyewe alipokelewa katika Kanisa Katoliki, na aliyempokea ni O'Connor yuleyule. Alifariki tarehe 14 Juni 1936.

Mpendwa msomaji, tunapogundua kosa la jirani, tunatafuta nini: aibu yake au wongofu wake?