Dorothy Hodgkin, Binti Aliyegawa Desa la Fuwele

Wakati wa TP nilipangiwa shule moja ya sekondari huku nyumbani Ujiji. Siku ya somo la muundo wa chumvi niliwagawia wanafunzi punje za chumvi ya Uvinza na lenzi. Wakaona vijisanduku vyenye pembe kali. Mmoja akauliza: mwalimu, atomu zenyewe zimekaaje humo ndani? Nikafungua laptopu niwaonyeshe, programu ikagoma. Leseni imekwisha, lipia kwanza. Yaani niliona aibu.

Jioni nikajaribu kulifungua faili lenyewe kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Likafunguka! Ni maandishi matupu: urefu wa kijisanduku, sodiamu ipo wapi, klorini ipo wapi. Kesho yake nikachora kila kitu ubaoni kwa chaki. Faili hilo linaitwa CIF, na limewezekana kwa sababu ya watu wengi. Leo namsimulia mmoja wao.

Dorothy Crowfoot alizaliwa Kairo, Misri, mwaka 1910. Baba yake alifanya kazi ya elimu Misri na baadaye Sudani. Akiwa na miaka kumi, shuleni Uingereza, alikuza fuwele za shabu na mrututu, na tangu hapo hakuziacha. Mwaka 1923 alikwenda Khartoum kuwatembelea wazazi. Kwenye mfereji wa bustani alichekecha mchanga akitafuta dhahabu, akapata madini meusi yanayong'aa. Mkemia rafiki wa familia, Dakta Joseph, alimsaidia kuyapima. Hayakuwa dhahabu, yalikuwa ilmenaiti. Dakta yule akampa sanduku la kemikali na sampuli za madini, bure. Basi, safari ikaanza.

Alisoma kemia Oxford, kisha akaenda Cambridge kwa J. D. Bernal. Kazi yao ilikuwa kupiga fuwele miali ya eksirei, kisha kutumia madoa yaliyotokea kwenye filamu kukokotoa atomu zilipo. Chumvi ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutatuliwa hivyo, na Bragg baba na mwana, mwaka 1913. Lakini chumvi ni rahisi. Dorothy alitaka molekuli za uhai, zenye atomu nyingi, na hesabu zake zilifanywa kwa mkono kwa miezi na miaka. Akiwa bado kijana, baridi yabisi ilimshika na kumpinda vidole. Aliolewa na Thomas Hodgkin mwaka 1937, akazaa watoto watatu, na kazi ikaendelea.

Wakati wa Vita vya Pili alipewa fuwele za penisilini. Yeye na mwenzake Barbara Low walipata muundo wake mwaka 1945, wakisaidiwa na mashine za kadi zenye matundu. Lakini penisilini ilikuwa siri ya vita. Maelezo kamili yalichapishwa mwaka 1949. Hebu fikiria, miaka minne jibu lipo, na wengi hawawezi kulisoma.

Vitamini B12 ilikwenda kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1953 Kenneth Trueblood wa Los Angeles alifika Oxford, akamwambia ana kompyuta na atamfanyia hesabu bila malipo. Namba zikawa zinavuka Atlantiki kwa barua na telegramu. Kabla ya mwaka 1956 kwisha, muundo ulikuwa umejulikana.

Mwaka 1964 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia, mwanamke wa tatu baada ya Marie Curie na binti yake Irène. Habari zilimkuta Ghana, mumewe alikokuwa akifanya kazi. Mwaka 1969 akakamilisha insulini, miaka 34 tangu aipige picha ya kwanza.

Hapo ndipo ninapompenda zaidi. Wachina nao walikuwa wameitatua insulini peke yao, lakini nchi yao haikuwa mwanachama wa umoja wa kimataifa wa wanafuwele. Dorothy alikwenda Beijing, akalinganisha ramani zao na zake, kisha akausimulia mkutano wa Kyoto mwaka 1972 kazi yao. Angeweza kunyamaza, sifa zote zikabaki kwake. Mwaka huohuo akawa rais wa umoja huo. Alifariki mwaka 1994.

Umoja huohuo ndio uliotoa CIF mwaka 1991, na mwaka 2003 ikaanzishwa hazina ya Crystallography Open Database, ambayo yeyote anaweza kuichukua yote bure. Siyo kila mlango umefunguka: hazina kubwa ya Cambridge, iliyoanza mwaka 1965, inakuruhusu kutazama muundo mmojammoja bure, ila kuipata nzima na zana zake kunahitaji leseni.

Wanachuo wenzangu, sote tunamjua mtu anayeficha desa mpaka siku ya mtihani. Tunamsema, halafu mwaka wa tatu sisi wenyewe tunaacha data za utafiti ndani ya programu ya kulipia, tena ya kukraki, na mwaka mmoja baadaye hatuwezi kuzifungua hata sisi. Hifadhi nakala ya maandishi matupu pia, na andika juu yake kwamba mwingine anaruhusiwa kuitumia. Huenda kuna mwalimu Ujiji anaihitaji kesho asubuhi, na mkononi ana chaki tu.