Ramazzini: Daktari aliyewauliza wagonjwa kazi zao

Mbeba mizigo wa Sumbawanga akienda hospitali na mgongo unaomuuma, kuna swali moja ambalo huenda likamfaa kuliko vidonge: anafanya kazi gani?

Aliyewasisitizia madaktari wasisahau kuliuliza ni Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Ni nani huyu?

Alizaliwa 1633 katika mji wa Carpi, kaskazini mwa Italia. Alisomea udaktari Parma na kuhitimu 1659. Akaenda kufanya kazi maeneo ya karibu na Roma, lakini malaria ikamrudisha nyumbani. Baadaye akahamia mji wa Modena, na 1682 akawa profesa.

Akiwa Modena, siku moja walikuja watu kuzoa uchafu wa shimo la choo nyumbani kwake. Mmoja alikuwa anafanya kazi mbiombio, utadhani anakimbizwa. Ramazzini akamuuliza kulikoni. Jamaa akamweleza kuwa ukikaa mle zaidi ya saa nne, macho yanakufa. Daktari akamwangalia, akakuta macho mekundu, hayaoni vizuri. Kisha akakumbuka baadhi ya vipofu waliokuwa wakiombaomba mjini: walikuwa wamefanya kazi ileile.

Kitabu cha 1700

Kuanzia hapo akawa anaingia karakana za watu, anatazama, anauliza. Mwaka 1700, akikaribia miaka 67, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Toleo la 1713 liligusa kazi zaidi ya 50, kuanzia wachimba madini na wafinyanzi hadi makarani na wabeba mizigo.

Alisema kazi inaumiza kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni vitu vyenye madhara, kama vumbi na moshi. Ya pili ni mwili kulazimishwa: kuinama sana, kusimama kutwa, kurudia mwendo uleule au kubeba kupita kiasi. Madhara ya aina hii huja taratibu, na ujanani huwezi kuyaona.

Ushauri wake ulikuwa rahisi. Anayesimama kutwa apate muda wa kukaa. Anayekaa kutwa anyanyuke, atembee. Kazi nzito iwe na kiasi.

Ufipa na tanuri refu

Ramazzini hakuwahi kufika Ufipa. Lakini wazo la kuifanya kazi impunguzie mtu mzigo linaonekana pia kwa wahunzi wa Kifipa wa zamani. Sehemu nyingi za Afrika, kuyeyusha chuma kulitaka watu wa kupuliza mivukuto kwa saa nyingi. Wafipa walijenga ilungu, tanuri refu la udongo lenye matundu kuzunguka chini. Urefu wake ulivuta hewa wenyewe, moto ukawaka bila mtu kupuliza. Mivukuto ilibaki kwa tanuri dogo la hatua ya pili.

Uzee wake

Ramazzini mwenyewe alizeeka kazini. Tangu 1700 alifundisha Chuo Kikuu cha Padua. Macho yake yalizidi kufifia, ikabidi watu wa familia wamsaidie kusoma na kuandika. Hata hivyo, 1709 alipandishwa cheo, akiwa na miaka zaidi ya 70. Macho yalikuwa yamechoka, lakini ujuzi ulikuwepo, na kwa msaada huo aliendelea na kazi. Alifariki Padua Novemba 5, 1714, akiwa na miaka 81.

Inamhusu nani leo?

Inamhusu kijana wa miaka 25 anayepakia magunia ya mahindi kwenye lori. Gunia la kilo 100 ni zito tayari, likifungwa lumbesa ndiyo balaa. Akifika 50 mgongo umegoma, pensheni hana, na watoto bado wanasoma.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Ila mambo mengine hayahitaji hata kusubiri mkaguzi: gunia la 100 kugawanywa kuwa mawili ya 50, toroli ghalani, jukwaa lenye kimo cha lori, benchi la kupumzikia. Mzee anayejua kupanga shehena isianguke njiani ataendelea kula jasho lake, na kijana atafika umri huo akiwa na mgongo wake.