Uqba bin Amir, Sahaba Aliyewaita Wenziwe Kulenga Shabaha

Mwezi uliopita nilikwenda Mbwajumali, kisiwani Pate, kuwaangalia jamaa. Baada ya sala ya alasiri nikakaa barazani na wazee, na mbele yetu watoto wakishindana kulenga kwa manati fuu la nazi walilolisimika juu ya kijiti. Alikuwapo mmoja mgeni, ametoka mji mwingine, naye hakupewa manati hata mara moja. Kazi yake ilikuwa kuokota mawe na kuwapelekea wenziwe. Kila alipoomba zamu walimcheka.

Nilimtazama sana, maana mtoto yule nilikuwa mimi. Nilipokuwa nikisoma chuo papo hapo Mbwajumali niliokota mawe msimu mzima, kisha nikachoka nikajiendea zangu. Mpaka leo, mvi zimejaa kichwani, sijui kulenga hata dafu lililo mbele yangu.

Ndipo nikamkumbuka Uqba bin Amir al-Juhani, sahaba wa Mtume (S.A.W.). Msomaji asimchanganye na Uqba bin Nafi, yule jemadari aliyejenga mji wa Kairouan. Huyu maisha yake yaliishia Misri, na kaburi lake liko chini ya jabali la Muqattam, mjini Cairo.

Asili yake alikuwa mchunga. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, Uqba alikuwa nyikani na wanyama wake wachache. Habari zilipomfikia aliwaacha, akaenda kutoa ahadi ya utiifu. Siku moja safarini alikuwa ameshika hatamu za mnyama wa Mtume, wakipita baina ya majabali, na Mtume akamtaka apande yeye. Uqba akaona haya. Vipi apande, naye Mtume aende kwa miguu? Lakini akachelea kuwa kukataa ni uasi. Mtume akashuka, Uqba akapanda kitambo kidogo, kisha akateremka. Katika safari hiyo alifundishwa sura mbili, Falaq na Nas, ambazo watoto wa vyuo vyetu huzihifadhi mwanzo kabisa. Mimi naona njia ile ndiyo iliyomfanya Uqba kuwa mtu aliyekuwa baadaye.

Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Kurani, hata Sayyidna Umar alipomtaka amsomee alilia. Damascus ilipofunguliwa mwaka 635 yeye ndiye aliyepeleka bishara Madina, safari ya Ijumaa hadi Ijumaa. Zama za Muawiya alikuwa liwali wa Misri kwa kiasi cha miaka mitatu. Hayo yamo vitabuni, sitayarefusha. Ninayoyataka ni ya uta na mishale.

Alikuwapo mtu wa kabila lake, jina lake Khalid. Uqba alikuwa akipita kwake, akamwita watoke wakalenge pamoja. Siku moja Khalid akachelewa. Uqba hakumwacha akaenda zake, bali alimwita karibu akampa hadithi aliyoisikia kwa Mtume: kwamba kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwatia Peponi watu watatu, aliyeutengeneza kwa nia ya kheri, aliyeutupa, na aliyempa mtupaji. Huyu wa tatu wanavyuoni wamemweleza kwa namna mbili: ni yule anayesimama kando ya mtupaji akimpa mshale mmoja baada ya mwingine, au ni yule anayeiokota kule ilikoangukia na kumrudishia. Sisemi kuwa manati ya watoto ni mishale ya jihadi. Lakini mwokotaji, ambaye watoto wale walimhesabu kuwa si mchezaji, katika hadithi ile ametajwa pamoja na mwenye uta.

Sisi watu wa visiwa hivi tukitajiwa uta twamtaja Fumo Liyongo, aliyeangusha makoma kwa mishale wenziwe walipotaka apande mtini wamuue. Shujaa, hapana shaka. Ila katika visa vyake vyote sijasikia kijana aliyemwita akamfundisha kuvuta upote. Hata mwanawe, tunaloambiwa juu yake ni sindano ya shaba aliyomuulia baba.

Uqba alipokuwa mzee, Fuqaym al-Lakhmi alimwona akienda na kurudi baina ya alama mbili, akamwambia kuwa jambo hilo ni zito kwa umri wake. Uqba akajibu kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume asingejitaabisha, nalo ni kuwa mwenye kujifunza kutupa mishale kisha akaacha si katika sisi. Kila nikilisoma neno hili naona haya, halafu najitetea kuwa mimi sikuacha, sikupata kuanza.

Alifariki mwaka 58 wa hijra, yaani 678. Wapokezi wasema aliacha nyuta 70 na zaidi, kila mmoja na podo lake na mishale yake, akausia zote zitumiwe katika njia ya Mwenyezi Mungu. Nimejiuliza mara nyingi alikuwa akiwawekea akina nani, maana mtu mmoja havuti nyuta 70.

Kabla ya magharibi nilishuka barazani, nikaomba manati moja, nikampa yule mtoto mgeni. Jiwe lake la kwanza lilipita juu ya fuu likatua kwenye paa la makuti, na wenziwe wakacheka. Nikainama, nikamwokotea la pili.